Ukiuliza Mama Pacha Utaonyeshwa

Watu wa huku kwetu hawajui wanakoishi. Nasema hivyo bila kuomba radhi. Nimeuza nguo za watoto kwa simu kutoka Nakuru kwa miaka, na kila siku ya Mungu naandikiwa na mtu mzima, mwenye kitambulisho na haki ya kupiga kura, asiyeweza kueleza mlango anaotokea asubuhi. "Shuka kwa steji utaona miti." "Niko opposite na kanisa," na mtaa wenyewe una makanisa kuliko vyoo. Dereva mmoja wa lori alitaka nimtumie viatu vya bintiye Salgaa, "hapa tu penye malori," kana kwamba Salgaa kuna kitu kingine. Mwingine alinielekeza kwa ng'ombe: ukiona ng'ombe mweupe amefungwa kando ya barabara, hapo ndipo kwetu. Boda alipofika, ng'ombe alikuwa ameshauzwa.

Na usinianzishie habari ya Rongai. Kuna Rongai yetu, jirani ya Salgaa, na kuna ile nyingine ya upande wa Nairobi, na kila anayekaa katika mojawapo anaamini hakuna nyingine duniani. Sweta za shule za mtoto fulani zilizunguka kati ya Rongai hizo mbili mpaka baridi ikaisha, na mamake akaniita tapeli kwenye ukurasa wangu mbele ya wateja wote. Nilimjibu. Sitayarudia hapa niliyomjibu, lakini hakununua kwangu tena, na sikumkosa.

Basi nikajifunza kusoma anwani mbovu jinsi muuguzi anavyosoma kinyesi cha mtoto, bila kinyaa na bila kubahatisha. Mtu akiandika "hapo karibu tu," ni mbali. Akiandika "ukifika nipigie," simu yake itakuwa imezima. Wauzaji wenzangu walikuwa wakinitumia maelekezo ya wateja wao niwafafanulie, na nilipenda hilo kuliko ninavyopenda kukubali. Nilikuwa nikiwaambia, mteja hasemi uongo, ni mjinga tu.

Ndiyo maana oda ya mama mmoja wa Gilgil ilinifurahisha. Alitaka magauni mawili meupe ya ubatizo, ya watoto wachanga, yanayofanana, pamoja na kofia zake. Maelekezo yake yalikuwa hivi, na niliyasoma mara mbili kwa raha: "Karagita, shuka pale basi za maua zinageuzia. Ingia na njia ya muuza makaa, ploti ya geti ya kijani, mlango wa mwisho kushoto, uko na pazia ya manjano. Ukiuliza Mama Pacha utaonyeshwa." Hapakuwa na mti wala ng'ombe. Nilitamani kumtangaza kwa wateja wengine kama mfano wa binadamu.

Namba ya huyo Mama Pacha hakunipa. Alisema ni sapraizi. Nilimuuliza kama ubatizo ni Jumapili hii ili nijue haraka ya mzigo, naye akanijibu kwa kile kipicha cha mikono miwili inayoomba. Nikachukua kwamba ni ndiyo. Nikapiga magauni pasi mwenyewe, nikayafunga kwa karatasi laini na utepe, nikautuma mzigo Naivasha, mji wenye mtaa huo wa Karagita.

Karagita nilikuwa na boda wangu, baba wa watu, mtu mzima asiyependa maneno. Mtu asiyependa maneno akikupigia simu, jua kuna jambo.

"Madam, kuna shida," aliniambia. "Huyu mama amefungua mzigo akakaa chini. Hasemi. Majirani wananiangalia ni kama nimemchapa."

"Kwani sio Mama Pacha?"

"Ndio yeye. Lakini hana watoto. Walizaliwa wakakufa, wote wawili, hata hawakutoka hospitali. Ni majuzi tu."

"Sasa kwa nini anaitwa Mama Pacha?"

"Watu walikuwa washazoea," akasema.

Mgeni wa ploti za kupanga huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Pale mwanamke haitwi jina lake. Hakuna anayelijua. Anaitwa kwa mtoto wake, na huyu kliniki walikuwa wamemwambia ni wawili tangu tumbo likiwa changa, akafurahi, akawaambia majirani, nao wakaanza kumwita kabla hajazaa. Jina lilikuja na tumbo. Tumbo likaenda, jina likabaki, kwa sababu hakuna aliyejua amwite nani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Kila asubuhi alikuwa akisalimiwa bombani kwa watoto aliowazika. Watu walifanya hivyo kwa adabu kabisa.

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, niliikasirikia anwani. Ilikuwa wazi kwangu kwamba Karagita kuna Mama Pacha mwingine, mwenye watoto hai wanaongoja kubatizwa, na kwamba mteja wangu mzuri wa Gilgil alikuwa amechanganya geti. Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia tena jioni, hivyo hivyo. Nikamwambia boda asiuguse mzigo, nakuja mwenyewe. Mzigo wangu haupotei.

Kesho yake nilikuwa Karagita. Basi za mashamba ya maua zilikuwa zimeshabeba watu wao, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua. Boda alinipeleka kwa njia ya muuza makaa mpaka geti ya kijani. Sikuhitaji kuuliza. Mlango wa mwisho kushoto, pazia ya manjano, kila kitu palepale kilipoandikwa.

Alinikaribisha vizuri, na hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alikuwa msichana hasa, mwenye kanga kifuani na macho yaliyovimba, na chumba chake kilikuwa safi kupita kiasi. Magauni yalikuwa kitandani. Alikuwa ameyatandaza ubavu kwa ubavu, kila moja na kofia yake juu, kama watu waliolala.

"Karibu, anti. Keti," alisema, akanipa kiti cha pekee. "Ni wewe unauza hizi?"

"Ni mimi. Pole sana, mama. Huu mzigo sio wako."

"Nani alinunua?"

Huwa sitaji wateja. Lakini alinitazama vile, nikasema tu ni mtu wa Gilgil.

Alikaa kitandani pembeni, akiwa mwangalifu asiyakunje magauni. "Bwanangu ako Gilgil," akasema. "Huko ndio kwao. Tulizika huko. Mimi nikarudi, yeye akaambiwa na mamake abaki kidogo. Sasa simu zangu anashika siku moja moja. Mamake akishika ananiambia vitu za kuzunguka, sijui shamba halibebi mbegu, sijui nini. Mimi huwa sielewi."

"Gilgil ni kubwa," nikamwambia.

"Anti, niambie ukweli." Akaanza kueleza haraka, kama mtu aliyepanga maneno usiku kucha. Kibarua chake cha maua kiliisha alipolazwa. Dada yake alikuwa mpishi Salgaa, katika hoteli ya madereva, na alikuwa amemtafutia kazi hapo hapo na pahali pa kulala. Tajiri wa hoteli alitaka jibu siku hiyo, la sivyo anachukua mwingine, wanaotaka ni wengi. "Kama bwanangu anarudi, nitangoja. Akirudi apate nimeenda, mamake atasema nilitoroka. Kama harudi, heri niende leo. Nilikuwa nimeamua kungoja. Halafu jana nikaletewa hizi. Nikafikiri kuna kitu naambiwa."

Boda alikuwa mlangoni, ameshika helmeti yake kwa mikono miwili. Nami nikafanya lile nililolifanya kila siku. Nilisoma anwani.

"Hakuna kitu unaambiwa," nilisema. "Hii ni address imekosewa. Hii kazi nimeifanya miaka, naijua. Mtu anachanganya geti, anachanganya rangi, anachanganya hata mji. Ni mara ngapi nimetuma nguo Rongai ikaenda Rongai ingine? Kuna Mama Pacha mwingine hapa." Nikamgeukia boda. "Si yuko?"

"Yuko mmoja, ng'ambo huko, karibu na kioski ya maji," akasema.

"Unaona?"

Ungemwona uso wake. Ulifunguka. Alicheka hata, kicheko kifupi cha kuona haya, akasema amekuwa mjinga, amelia bure, na majirani nao watamsema. Akachukua simu, akampigia dada yake, akaweka spika kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa kibovu.

"Waambie wachukue huyo mwingine," akasema. "Namngoja bwanangu."

"Una uhakika?" dada yake akauliza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za sufuria. "Wewe, huyo mwanaume una uhakika na yeye?"

"Mwenye nguo amekuja. Ni address ilikosewa."

"Nguo gani?"

"Nitakuambia. Waambie tu."

Kisha akanisaidia kukunja magauni. Alikuwa na mkono mzuri wa kukunja. Moja lilikuwa na mkunjo kifuani, akaunyoosha kwa kiganja mpaka ukaisha, akaniuliza kama hao wa kubatizwa ni wasichana au wavulana. Nikamwambia sijui. Akasema watapendeza tu.

Huyo Mama Pacha wa kioski ya maji tulimkuta anafua. Pacha wake wakatoka mbio kuona mgeni ameleta nini. Walikuwa wavulana wa shule, magoti yamechubuka, meno ya mbele yameng'oka. Mmoja alinyakua kofia ya ubatizo akaivaa, ikakaa utosini kama kifuniko cha chupa, na mwenzake akacheka hadi akaanguka. Nilimuuliza mama yao kama ana mtu Gilgil.

"Gilgil?" akasema. "Watu wetu ni wa Kakamega. Gilgil mimi huiona nikiwa ndani ya gari. Lakini niachie tu, anti, hapa hakukosi mtu atazaa."

Nikamnyang'anya yule mtoto kofia. Nilisimama kando ya foleni ya mitungi, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikaisoma ile anwani kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Geti ya kijani, mlango wa mwisho, pazia ya manjano. Hakuna mtu anayekosea anwani kwa usahihi namna hiyo. Nikapiga simu, na safari hii ikaita.

Mteja wangu alikuwa na sauti nzuri sana, laini, sauti ya mtu anayesimamishwa kanisani aongoze maombi. Aliomba msamaha kwa simu kuzimwa. Alikuwa kwenye mkesha wa akina mama.

"Pole, mama," nikamwambia, "ule mzigo wako umeenda kwa mtu asiye wake."

"Ulienda wapi, mwanangu?"

Nikamweleza.

"Mlango uko na pazia ya manjano?"

"Ndiyo."

"Basi ulifika. Asante sana. Wewe uko makini, nitaambia watu wanunue kwako."

"Lakini yule mama hana watoto. Walikufa."

"Najua," akasema kwa upole uleule. "Mimi ndio shosho yao, baba yao nilimzaa mimi."

Yeye akaendelea bila haraka, kama anayenipa maelekezo ya kupika. Kijana wake ni mpole, hawezi kumwambia mtu toka. Ameshapata msichana mwingine, wa kanisa lao, anayejulikana nyumbani kwao. "Huyo wa Karagita Mungu alimpa wawili, na akashindwa kuweka hata mmoja. Nimemwambia kwa mafumbo, haelewi. Nikamwambia kijana apige simu amwambie, analia. Sasa nikaona, akiletewa nguo ataelewa. Zilimfikia mkononi?"

"Zilimfikia."

"Alisema nini?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume ikiuliza kama kuna mboga imebaki, naye akafunika simu kidogo akamwambia iko kwa sufuria ndogo.

"Hizi nguo unataka nizipeleke wapi?" nilimuuliza mwishowe.

"Hizo zimemaliza kazi. Wewe uza tena, usipate hasara. Mungu akubariki, mwanangu, na hiyo biashara yako iinuke."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msichana wa pazia ya manjano aliletewa na nguo zenyewe, zimepigwa pasi, zimefungwa utepe. Na kilichonichoma, nitasema wazi, ni kwamba yule mama wa Gilgil aliniacha bila pa kumshikia. Hakuandika uongo hata mmoja. Wateja wote wale niliowatukana kwa miaka, wa miti na wa makanisa na wa ng'ombe, hakuna aliyewahi kunitumia kumtupia mtu jiwe. Anayejua kabisa mlango wa mwenzake, mpaka rangi ya pazia, ndiye wa kuogopwa. Nilimchukia pale kwenye foleni ya maji.

Boda alikuwa amesikia. "Madam, twende zetu," akasema. "Umeshamwambia ni address. Wacha ikae hivyo."

"Na Salgaa je?" nikamuuliza. "Akae hapa akimngoja nani?"

Tukarudi. Nilikuwa nikitembea haraka, nikihesabu kwamba dada wa yule msichana huenda bado hajazungumza na tajiri, kwamba msichana anaweza kupiga simu tena na akawa Salgaa kabla jua halijatua. Nilimkuta nje ya mlango na karai. Alikuwa ametoa mashati ya bwana wake, yaliyokuwa safi tayari, na alikuwa anayafua upya.

Nilimwambia yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani. Sikuzungusha. Nilimwambia ni nani alinunua, na alisema nini, na kwamba bwana wake yuko hapo kwao anakula. Kuhusu msichana wa kanisani pia nilimwambia. Sikurudia ile ya kushindwa kuweka hata mmoja. Nadhani hiyo aliijua.

Alisikiliza akiwa ameinama, mikono ndani ya povu.

"Si ulisema ni address?" akasema.

"Nilikosea."

"Ulisema hii kazi unaijua. Miaka mingi, ulisema. Sasa ni saa ngapi imepita, ushaacha kuijua?"

"Mama, piga simu kwa dada yako. Au nikupigie huyo wa Gilgil usikie mwenyewe." Nikaitoa simu yangu, namba iko tayari.

"Usimpigie." Alisema haraka mno, na ndipo nikajua hahitaji kuambiwa na mtu. Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka. "Dada yangu amenipigia sasa hivi tu. Washachukua mwingine. Ameshavaa hata eproni." Aliangalia yale mashati ndani ya maji. "Sasa hiyo ukweli umeniletea, anti, niipeleke wapi?"

Nilisimama na mfuko wangu. Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, kichwa kikatokea, kikasema, "Mama Pacha, uko sawa?" naye akajibu kwamba yuko sawa, ni mgeni wa nguo tu, zilileteka kwa makosa.

Kisha akanirudia mimi. Alichukua mfuko mkononi mwangu, akachungulia ndani kama anayehakikisha hakuna kilichosahaulika, akaurekebisha utepe uliokuwa umelegea, akanirudishia.

"Ni address," akaniambia. "Mimi hapa nangoja bwanangu. Nawe ukimpata mwenye hizi nguo, mwambie hongera."

Nikamwambia nitamwambia.